Rafu ya Hamira

Kavetsa hakuwahi kuomba hamira yake ipelekwe angani. Maombi yake yalikuwa ya kawaida tu: binti amalize chuo, mvua isinyeshe kabla mahamri hayajaisha, bei ya mafuta ishuke hata kama ni kwa wiki moja. Habari za angani zililetwa na binti mwenyewe, Mitchelle, aliyeingia nyumbani Laini Saba jioni moja, akatupa mkoba kitandani na kusema, "Mum, nipee hamira yako kidogo."

"Unataka kupika?"

"Nataka tuitume space."

Kavetsa alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaona uso wa mtoto hauna mzaha, akafungua mkebe.

Hamira hiyo haikuwa ya dukani. Miaka kumi na mitano iliyopita Kavetsa alikuja Nairobi kutoka Vihiga na Mitchelle wa miaka saba mkononi, akaajiriwa na mama mmoja Mnubi wa Makina aliyejua mahamri kuliko mtu yeyote upande huu wa reli. Siku ya kuagana, mama yule alimpa donge la unga uliochacha, kubwa kama ngumi. Tangu hapo Kavetsa hakumaliza unga hata mara moja. Kila akikanda alibakisha donge la kuchachulia unga wa kesho. Donge hilo lilivuka uchaguzi wa fujo, likavuka korona, likavuka na ule moto uliokula nyumba sita za majirani, maana siku hiyo Kavetsa alitoka mbio na mkebe kifuani na kitambulisho akakisahau ndani.

Basi hamira ilipopanda roketi ya watu huko ng'ambo, hakuna mteja aliyekosa kuambiwa. Mwenye kununua hamri moja aliambiwa kwa ufupi. Mwenye kununua matano alisimuliwa yote: kwamba Mitchelle na wenzake wa chuo wameunda setilaiti kwa mikono yao, kitu kikubwa kidogo kuliko mkate, kwamba ndani yake kuna vishimo kumi na sita, kila kimoja kama punje ya hindi, na katika kila kishimo kuna hamira ya Laini Saba iliyokaushwa, imelala. Siku ya kumi tangu kufika juu, vali ingejifungua yenyewe na maji ya sukari yangeingia. Maji hayo yana rangi ya samawati. Hamira ikiamka na kula, rangi inageuka ya waridi, na watu wa sayansi wanajua jinsi kiumbe kidogo kinavyoishi mahali pasipo na uzito na penye jua lisilo na kizuizi. Kulikuwa na hita ndogo ya kuipa joto, kwa sababu baridi ya huko haina mwenyewe.

Kavetsa aliyasimulia haya vizuri kuliko Mitchelle. Kwa kila mteja aliongeza chumvi kidogo, na hakuna aliyelalamika.

Siku ya sita ilikuwa Jumatatu. Kavetsa alimaliza kuuza mapema, akajaza mahamri ya moto kwenye ndoo yenye kifuniko, akaenda Kawangware. Chuo kilikuwa kimefungwa kwa mgomo wa wahadhiri, na wanafunzi walikuwa wamehamishia antena yao juu ya paa la jengo la ghorofa nne ambako Ken Omolo, mmoja wao, aliishi na shangazi yake. Ken ndiye aliyelehemu nyaya zote za setilaiti ile. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye vidole vyembamba, na Kavetsa alikuwa na mipango yake ya kimyakimya kuhusu yeye na Mitchelle, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Antena ilisimama katikati ya kamba za nguo na matangi ya maji. Setilaiti ilipita juu ya Nairobi kila asubuhi karibu na saa nne, kwa dakika tisa, na katika dakika hizo ilisema hali yake kwa namba. Kavetsa alifika wakati inaanza kusema. Aliwakuta Mitchelle na Ken wameinamia kompyuta, na hakuna aliyegeuka kuangalia ndoo. Hapo ndipo alipojua kuna jambo, kwa sababu Ken hajawahi kuipuuza ndoo hiyo.

"Tisa," Mitchelle alisema. "Jana ilikuwa kumi na mbili."

"Tisa ya nini?" Kavetsa aliuliza.

"Joto, Mum. Inafaa kuwa ishirini na nne. Ikiwa hivi hamira haiwezi kula."

"Si mwambie hiyo hita iongeze moto."

"Sisi tunasikiza tu. Hatuwezi kuiongelesha. Wenye leseni ya kuiongelesha ni wale walioipeleka, na wamesema hita imewashwa mpaka mwisho. Hakuna kingine."

"Na hiyo vali?"

"Itajifungua tu Ijumaa. Kuwe na joto, kuwe na baridi."

Simu ya Mitchelle ililia. Alikuwa Daktari Kimanzi, mhadhiri wao. Daktari alikuwa amegoma kama wenzake, lakini simu yake haikugoma. Mitchelle akaiweka kwa sauti, na wote watatu wakasikia.

"Mitchelle, nimeangalia karatasi ya majaribio yako. Siku tisa, boksi ndani ya barafu, na kila jioni ishirini na nne. Hita ilitosha kabisa. Sasa niambieni, baada ya majaribio nani aliigusa?"

Nguo za watu zilikuwa zikipigapiga kwenye kamba.

"Ni mimi, Daktari," Ken alisema. "Kuna waya nililehemu tena kabla tufunge."

"Basi ni hapo. Ijumaa nataka ripoti, na uweke sahihi yako. Halafu mambo ya setilaiti ya pili, nani ataingia na nani atabaki, tutaangalia upya."

Ken aliitikia kwa kichwa, kana kwamba Daktari anamwona. Mitchelle hakumtazama. Kavetsa alikuwa ameshika hamri mkononi, amenyoosha kumpa Ken, na mkono ulikwama hewani tangu liliposemwa neno barafu.

Majaribio yale yalifanyiwa nyumbani kwake.

Ndiyo. Chuo kilipofungwa, setilaiti ikiwa bado haijasafirishwa, Mitchelle aliazima sanduku la kuhifadhia samaki kutoka kwa mchuuzi mmoja wa Soko la Toi, na kila asubuhi alinunua barafu kwa mchuuzi huyohuyo. Aliweka boksi la hamira, lenye vishimo na hita yake, katikati ya barafu, akafunika, akaliacha sanduku sakafuni karibu na mlango, pale upepo wa reli unapoingilia. "Mum, usiiguse," alisema. "Nataka iteseke kabisa, nione kama hita inaiweza baridi." Kisha akaenda zake Kawangware kuunda antena na Ken mpaka jioni.

Iteseke! Neno hilo lilimchoma Kavetsa. Miaka kumi na mitano hajaiacha hamira yake ilale baridi hata siku moja. Nyumbani mwake mlikuwa na rafu iliyopigiliwa kwenye ukuta wa mabati, na upande wa pili wa ukuta huo, nje, ndipo lilipokuwa jiko lake. Ukuta ulipata moto kuanzia alfajiri hadi chai ya saa kumi. Beseni la unga lilikaa kwenye rafu hiyo, limefunikwa shuka, na unga uliumuka mpaka ukasukuma shuka. Kila mpishi wa hamira ana mahali pake pa namna hiyo, na hamwazimi mtu.

Siku ya kwanza ya majaribio, Mitchelle alipokata kona tu, Kavetsa alilitazama lile sanduku sakafuni kama anavyotazamwa mtoto wa jirani aliyefungiwa nje kwenye mvua. Alijikaza. Akakaanga karai moja. Akarudi ndani, akalitazama tena. Mwishowe alishusha beseni la unga, akapandisha sanduku kwenye rafu, akalisukuma mpaka likagusa mabati ya moto, akalifunika shuka. Jioni kabla Mitchelle hajarudi alilirudisha mlangoni. Kesho yake akafanya hivyohivyo. Siku zote tisa.

Saa nne asubuhi barafu ilikuwa imeshakuwa maji. Kipimajoto kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa ndani ya boksi, kwa hiyo hakikujua ukuta wala shuka. Jioni Mitchelle alifungua sanduku, akasoma namba, akapiga kelele: "Mum! Ishirini na nne! Hita imeyeyusha barafu yote!" Kavetsa akapiga vigelegele pamoja naye. Alijua amesaidia. Hakujua amesaidia nini.

Sasa alijua. Pale juu ya paa aliiacha ndoo kwa Ken na mahamri yote ndani, akashuka ngazi akisema ana mkutano wa chama cha akina mama. Hakukuwa na chama Jumatatu.

Jumanne ilikuwa saba. Jumatano, tano. Mitchelle alimtumia namba kwa ujumbe wa simu bila neno lingine, na kila ujumbe ulipoingia Kavetsa aliusoma huku mikono ina unga, kisha akafuta unga kwenye kioo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Asubuhi zote mbili Obiero, fundi wa mageti mwenye karakana ng'ambo ya reli, alikuja kuchukua mahamri yake.

"Mama Mich! Hamira yetu inaendeleaje huko juu?"

"Iko salama," Kavetsa alisema. Hakuongeza chumvi.

Alijadiliana na nafsi yake. Akisema, moto wa jiko lake hautapanda mbinguni. Asiposema, Ken ataweka sahihi. Kijana mwenyewe hakujitetea. Alikuwa ameshaamini kuwa waya ndio kosa, na mtu aliyeamini si rahisi kumtoa hapo. Kavetsa alipiga magoti kando ya kitanda akamwomba Mungu aongeze joto. Kisha akaona haya, maana yeye mwenyewe ndiye aliyeongeza joto, na matokeo yake ndiyo hayo. Akainuka bila kusema amina. Katika maisha yake alikuwa amefukuzwa kazi, ameingiliwa nyumbani na mafuriko, amezika mume, na kila mara kulikuwa na kitu cha kufanya kwa mikono: kufagia maji, kukanda, kuchemsha chai ya waombolezaji. Safari hii mikono haikuwa na kazi yoyote.

Alhamisi, siku ya tisa, Mitchelle alirudi nyumbani mchana. Akakaa kitandani bila kuvua viatu.

"Nne," alisema.

Kavetsa alikuwa akikanda unga wa chai ya saa kumi. Aliendelea kukanda.

"Miaka mitatu, Mum. Miaka mitatu tunajenga hiyo kitu, halafu Ken anaenda kugusa waya siku ya mwisho. Nani alimwambia aguse? Hata hajitetei. Anakaa tu pale kwa roof, hakuli, anasema pole. Pole itapasha nini joto? Sitaki kumwona tena. Kesho akishaweka sahihi, nimemalizana na yeye."

"Si Ken," Kavetsa alisema.

"Mum, wewe hujui hizi vitu."

"Hita siijui. Rafu naijua."

Akasema yote, mikono bado imo ndani ya unga, kwa sababu aliona akiitoa atashindwa. Alisema habari za sanduku, ukuta, shuka na beseni lililoshushwa. Hakujisifu wala hakujitetea, ila mara moja tu alisema, "Nilionea hiyo hamira huruma."

Mitchelle aliinuka, akaenda kwenye rafu, akaweka kiganja kwenye mabati. Jiko lilikuwa linawaka upande wa pili. Akauondoa mkono haraka.

"Siku ngapi?"

"Zote."

"Kutoka saa ngapi?"

"Ukitoka tu. Mpaka ukikaribia kurudi."

"Na shuka juu."

"Na shuka juu."

Mitchelle alirudi kukaa. Kavetsa alingoja makelele. Alikuwa amejiandaa kwa makelele, na angeyapokea kama dawa. Hayakuja.

"Nilikuambia usiiguse," Mitchelle alisema taratibu. Kisha akaongeza, "Na mimi ile barafu. Barafu kilo nne, na hita kama kucha. Nilifaa kujiuliza inaisha aje. Nilifurahi nikasahau kuuliza."

"Sasa si uwapigie wale wa ng'ambo. Waambie ni mimi."

"Halafu wafanye nini, Mum? Hita ni ndogo. Ilikuwa ndogo tangu mwanzo. Tungejua tukiwa hapa chini tungeweka kubwa, tungeongeza betri, hata sponji. Sasa tumejua, na iko huko."

Unga ulikuwa umeshikamana na vidole vya Kavetsa, naye akaanza kuubandua kidogokidogo, akiurudisha kwenye beseni, ili pasipotee kitu.

Mitchelle alitoa kompyuta, akaandika upya ripoti. Aliandika kuwa majaribio yalikuwa mabovu na kuwa waya wa Ken haukuwa na neno. Palipokuwa na jina la Ken akaweka lake. Jina la mama yake hakuliandika popote. Aliandika tu kwamba sanduku liliachwa bila mwangalizi karibu na chanzo cha joto. Wote wawili walijua Daktari Kimanzi atafanya nini na setilaiti ya pili akishasoma. Kisha akavaa koti, akaenda Kawangware kumwambia Ken uso kwa uso, na Kavetsa akabaki na unga wa chai ya saa kumi, uliokuwa tayari kuingia kwenye rafu.

Siku ya kumi Kavetsa hakukaanga. Wateja walikuta jiko baridi. Alijifunga shuka mabegani, maana asubuhi ilikuwa ya ukungu, akafuatana na Mitchelle mpaka Kawangware, wakapanda ngazi.

Ken alipindua ndoo ya Kavetsa, ileile, akampa akalie.

"Sasa, Mama Mich," alimsalimu.

"Ken mwanangu, nimekukosea."

"Wacha tu, Mum," Ken alisema, akaangalia pembeni. Macho yake yalikuwa mekundu. Kavetsa alitegemea kumwona ana nafuu, na hakuiona. Ken alikuwa ameondolewa kosa, lakini hamira ilikuwa haijaondolewa baridi, na inaonekana yeye alikuwa akililia hilo tangu mwanzo.

Saa nne kasoro dakika kumi mlio ulianza, kama mafuta yanayochemka mbali. Namba zikashuka kwenye kioo.

"Joto, mbili," Mitchelle alisoma.

"Vali?" Ken aliuliza.

"Imefunguka."

Kwa muda mfupi wakatazamana, na Kavetsa aliona tumaini likipita usoni mwa wote wawili, tumaini la kijinga, la watu wanaojua hesabu na bado wanangoja. Na yeye akalishika. Vishimo vilianza kujitaja kimoja baada ya kingine.

"Cha kwanza, samawati. Cha pili, samawati. Samawati."

Kavetsa alihesabu kwa vidole. Alipofika sita alitaka kumwambia Mitchelle aache, inatosha, tumeelewa. Lakini Mitchelle alisoma vyote, kwa sauti ileile moja, kwa sababu ndiyo kazi na hakuna mwingine wa kuisoma. Vidole vikaisha, Kavetsa akaanza upya mkono wa kwanza. Kumi na tano, samawati. Kumi na sita, samawati. Mlio ukafifia, ukakatika.

"Imekufa?" Kavetsa aliuliza.

"Haijakufa, Mum," Mitchelle alisema. "Imelala. Hiyo baridi haiiui. Maji ya sukari yako pale, yameigusa kabisa. Haiwezi tu kuamka ikakula."

"Itakaa hivyo mpaka lini?"

Ken ndiye aliyejibu. "Kama miaka mitatu itakuwa bado inazunguka. Halafu itaanguka, iungue ikishuka. Lakini betri itaisha mapema, hatutakuwa tunaisikia."

"Na kila asubuhi inapita hapa juu?"

"Kila asubuhi."

Kavetsa aliinuka, akatazama juu. Ukungu ulikuwa umeanza kuachana na kulikuwa na buluu kidogo tu, juu ya kamba za nguo. Hakuona kitu na alijua hataona. Alipoinamisha macho alijikuta ameshika shuka yake mikononi, ameitoa mabegani na kuikunjua kwa upana, kama mtu anayetafuta beseni la kufunika. Mitchelle alikuwa anamtazama. Hapo ndipo Mitchelle alipolia, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, na Kavetsa alimfunika yeye.

Jumamosi aliwasha jiko kama kawaida, akaweka beseni kwenye rafu. Ukuta ulipata moto, unga ukaumuka vizuri mno, ukasukuma shuka na kumwagika ukingoni. Aliusukuma ndani kwa ngumi, akabana donge moja, akalirudisha kwenye mkebe. Ilipokaribia saa nne, Obiero alivuka reli na miwani yake ya kuchomelea paji la usoni.

"Mama Mich! Jana ulitulaza njaa. Nipee matatu. Na hamira yetu je, inaendeleaje huko juu?"

Kavetsa alikuwa akigeuza mahamri kwenye karai. Alitoa matatu, akayachuja mafuta.

"Ina baridi," alisema, akamfungia kwenye gazeti.